Mgongo wa Jumba la Mji

Wapo watu wa umri wangu ambao ukiwatajia lile jumba, sura zao zinalainika. Wanakumbuka harusi, taarabu, madansi ya Jumamosi, vyeti walivyokabidhiwa jukwaani na picha walizopiga kwenye ngazi, mkono mmoja kiunoni. Mimi nikilikumbuka nashika pua. Si mzaha. Mkono unakwenda wenyewe, na wajukuu zangu wameshazoea kuulizana, "Bibi kasikia nini tena?"

Wenzangu walilijua jumba kwa uso wake. Mimi nililijua kwa makalio yake. Nyumba yetu ya Kariakoo ilikuwa nyuma yake, na wakati lilipoanza kujengwa, katikati ya miaka ya hamsini, nilikuwa nimevunja ungo na kuwekwa ndani. Mwari wa siku zile hakuwa na shughuli barabarani. Dunia yangu ilikuwa chumba cha bibi, uani, jiko, kisima na ukuta, na juu ya ukuta ule ndipo nilipoliona jumba likipanda siku hadi siku.

Nyumba ilikuwa ya bibi, mama yake mama. Baba aliingia pale kwa kuoa, akaambiwa akae, naye akakaa. Alikuwa karani wa reli kule mtaa wa Gerezani, mtu wa shati lililotiwa wanga na penseli mfukoni, na kwa muda mrefu niliamini hakuna mtu nadhifu kama yeye katika mji mzima. Alinawa mikono mpaka viwiko kabla ya kushika gazeti. Nalisema hili mapema ili ieleweke nilichokipoteza.

Kisima pia kilikuwa cha bibi. Babu alipokufa, bibi aliuza bangili zake, akaita wachimbaji, akachimbisha kisima uani na kukijengea ukingo wa mawe na chokaa. Kisha akatoboa mlango mdogo upande wa uchochoro, akatangaza kuwa maji yale ni wakfu: achote atakaye, Mwislamu, asiyekuwa Mwislamu, mpita njia, mgeni. Mlango ukafunguliwa alfajiri na kufungwa magharibi. Bomba la mtaa lilikuwepo kwenye kona, lakini lilikuwa na foleni na ugomvi wake, na siku nyingine lilikohoa tu. Kwa hiyo watu walikuja kwetu kwa ndoo na madebe, na msikiti mdogo wa jirani ulitujia kila ulipokaukiwa.

Bibi alikifanyia kisima kile hesabu moja tu. Madamu watu wanachota, thawabu zinamwendea, naye hata akiwa kaburini zitaendelea kumwendea. Hakuwa na mtoto wa kiume wa kumsomea, hakuwahi kwenda Hija, na kwa ulimi aliokuwa nao sidhani kama alitegemea sana mambo mengine. Alikuwa mkali, mtafuna tambuu, mwenye kutukana kuku kama wanavyotukanwa watu. Lakini kila jioni, wakati huo ameshakuwa wa kulala kitandani, miguu imemvimba, aliniuliza swali lile lile: "Wamechota?" Nami nikajibu, "Wamechota, bibi." Hapo ndipo alipokubali kula.

Kiwanja cha nyuma yetu alikijua kuliko waliokipima. Aliniambia kwamba alikikuta ni mchanga na mikorosho. Wakati wa vita vya Mjerumani na Mwingereza, wapagazi walikuwa wamejaa mitaa hii yetu, na pale nyuma walilazwa waliokuwa wakiharisha, mpaka nzi wakawa wengi kuliko watu. Baada ya vita pakawa uwanja wa ngoma. Wanawake walicheza pale lelemama wakishindana mavazi, na yeye mwenyewe alisema alikuwa mmoja wao, tena wa mbele. Kisha wakubwa wa mji wakaweka uzio wa waya, wakapima, wakaondoka, wakarudi, wakapima tena. Ikasemekana kwamba wenyeji nao watapata jumba lao la mji, la mikutano na starehe zenye adabu, ili waache kucheza ngoma vumbini.

"Vumbi lilimkera nani?" bibi aliuliza.

Nililiona jumba likijengwa kuanzia nyuma, na nyuma ya nyumba haina haya. Mbele, nilisikia, walipanga mawe kwa kamba na kupiga lipu mara mbili. Nyuma walipiga lipu mara moja, tena ikaishia katikati kwa sababu mchanga mzuri ulikwisha. Matofali ya saruji yaliachwa wazi yakitoa machozi ya kijivu kila mvua iliponyesha. Madirisha ya upande wetu yalikuwa madogo, juu sana, yamewekwa vioo visivyoonyesha kitu. Baba alinieleza kwa fahari kwamba yale ni ya vyoo. Mabomba ya chuma yalishuka ukutani kutoka kwenye madirisha hayo, meusi, yenye mafundo, yakaingia ardhini hatua chache kutoka kwenye ukuta wetu. Hapo ndipo mkandarasi alipochimba shimo.

Lilikuwa shimo kubwa, nami nililitazama kutoka juu ya kinu nilichokigeuza kuwa ngazi. Pembeni waliweka matofali. Chini hawakuweka kitu. Mama alimwuliza baba mbona chini ni mchanga mtupu, na baba akacheka kicheko cha mtu aliyekwisha elezwa. Akasema ramani imechorwa na watu waliosoma, kwamba mchanga unachuja, na kwamba mwanamke ashughulike na chungu. Wakati huo alikuwa ameshaingizwa katika kamati ya jumba. Alikuwa na ufunguo wa mlango wa mbele, mrefu, wa shaba, na alianza kuutembeza mtaani kama mtu anayetembeza mtoto wake wa kwanza.

Uso wa jumba niliuona siku ya ufunguzi. Mama aliniombea ruhusa, nikavishwa buibui, tukasimama upande wa wanawake. Lazima niseme kweli: lilipendeza. Lilikuwa jeupe la chokaa mpya, lenye paa la vigae vyekundu na roshani ya mbao za mvule juu ya mlango, ngazi pana zilizopakwa rangi ya damu ya mzee, na matao matano mbele. Hayo matao ndiyo yaliyosifiwa zaidi. Mzungu aliyechora ramani alidhani sisi watu wa pwani hatuwezi kupenda nyumba isiyo na matao, kwa hiyo akatuchorea matao. Nilipokaribia nikaona hayabebi kitu. Uzito wote ulikuwa kwenye nguzo za zege za ndani. Matao yalibandikwa tu mbele, membamba kama ukoko, na moja lilikuwa limeshapata ufa kabla hotuba hazijaanza.

Ndani palinukia nta. Sakafu nyekundu ilisuguliwa mpaka watu wakaogopa kuikanyaga, na wazee kadhaa walivua makubadhi mlangoni wakaingia peku, kwa kuwa mahali pasafi namna ile kwao ni msikitini au kwa mtu anayeheshimiwa. Jukwaa lilikuwa juu sana. Aliyekaa mstari wa mbele aliona viatu vya wakubwa kuliko nyuso zao. Tulisimama, tukakaa, tukasimama. Kisha wageni wakaongozwa kwenda kuona maajabu ya jumba, na maajabu yenyewe yalikuwa vyoo.

Sijasahau. Baba yangu, mtu mzima, na kofia yake ya kushonwa kwa mkono, alisimama kando ya choo cha kuvuta, akashika mnyororo, akauvuta. Maji yakanguruma. Watu wakapiga makofi. Akangoja tangi lijae, akavuta tena kwa ajili ya kundi la pili. Hakuna hata mtu mmoja katika kadamnasi ile, na mlikuwa na watu wenye vyeo, aliyeuliza maji yale yanakwenda wapi. Mimi peke yangu nilijua, kwa kuwa nilikuwa naishi huko yanakokwenda.

Kiangazi kilipita salama. Masika yalipoanza, shimo likashiba. Mwanzoni ilikuwa harufu ya asubuhi tu, nyembamba, ya yai lililokaa. Mama aliwasingizia kuku. Kisha ikawa ya kutwa. Udongo chini ya ukuta wetu ukaota ute wa kijani, ukipita peku unaganda kwenye kisigino. Jumba lilikuwa na shughuli kila mwisho wa wiki, na kila baada ya dansi niliamka nikikuta ukuta umelowa zaidi. Nilijua idadi ya waalikwa wa harusi kwa kunusa. Siku moja nikateka ndoo ya kupikia, nikainama kuimimina, na harufu ikanijia usoni kutoka ndani ya maji yenyewe.

Nilimwaga ndoo, nikatapika karibu na kinu. Mama alikuja, akachovya kidole, akanusa, akakifuta kwenye kanga yake mara nyingi, hata baada ya kidole kukauka. Alikwenda kwenye mlango wa uchochoroni akatia komeo, saa za mchana, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu nizaliwe.

Baba alirudi kazini akakuta watu wamesimama na madebe. Akauliza, akaambiwa. Akaingia na viatu mpaka uani, akatoa komeo, akaufungua mlango wazi.

"Karibuni," akawaambia. "Wanawake wamepitiwa."

Usiku wa siku ile, kwa vile ukuta wa chumba chao ulikuwa mwembamba, nilimsikia akimweleza mama. Mkubwa mmoja wa serikali alikuwa anakuja kulitazama jumba, na yeye baba alikuwa amepangwa kukaa jukwaani. Kulikuwa na kiti katika baraza la mji kilichohitaji mwenyeji mwenye adabu. Sasa ikivuma kwamba jumba linamwaga uchafu kwenye kisima cha wakfu, tena kisima cha nyumbani kwa mjumbe wa kamati, wataambiwa wafunge jumba, na yeye atachekwa mpaka Magomeni. "Mkubwa aje, aondoke," alisema. "Halafu tutatazama." Mama alimwambia watu wanakunywa. Baba akasema masika yataosha.

Bibi hakuhitaji kuambiwa. Dirisha la chumba chake lilitazama kisima. Jioni ya pili nilipomletea uji alinishika mkono.

"Wamechota?"

"Wamechota, bibi."

"Na wewe pua yako inasemaje?"

Nikamwambia inanuka. Akafumba macho, akatafuna bila tambuu mdomoni. Kisha akaniambia niwaite wote wawili. Walipokuja, akamtazama baba, si mama.

"Funga kisima changu," alisema. "Mimi nilitoa maji. Sikutoa hicho kinachotoka mle. Kila debe linalotoka mlango ule sasa, naandikiwa mimi. Wasimamishe wanaume barazani uwaambie wasichote tena, kisima kimeharibika. Wakisikia kwako wataacha."

"Mama, maji hayana kitu," baba alisema kwa sauti ile ya kumtuliza mgonjwa. "Ni pua za uzee."

"Pua zangu zimezeeka, zako zimekufa."

Nilicheka, nikakanyagwa mguu na mama. Lakini bibi hakuwa anatania. Tangu siku ile swali lake la jioni liligeuka. Hakuuliza tena kama watu wamechota. Aliuliza, "Kashawaambia?" Na mimi kila siku nilikuwa na jibu moja la kumpa. Chakula akaanza kukirudisha.

Wa kwanza kulisema jambo hadharani alikuwa jirani yetu Mchagga, mwenye duka la vitambaa mtaa wa mbele. Alikuwa mtu wa maneno machache, Jumapili na suti, jioni na redio. Alimkuta baba barazani, akampa shikamoo, akaitikiwa, akasema, "Mzee, kisima chako kinanuka. Mke wangu amemwaga maji mara mbili." Baba akamwuliza, yeye Mkristo, anajua nini mambo ya maji ya udhu? Jirani akamtazama kwa mshangao wa kweli.

"Udhu siujui, mzee. Pua ninayo."

Akaenda zake, akanunua pipa, akawa anawalipa wachota maji wamletee kutoka bombani. Maneno yake yalizunguka mtaani, na baada ya sala ya Ijumaa wanaume wakaja barazani kwetu pamoja na mwalimu wa msikiti. Mimi na mama tulisimama nyuma ya pazia la mlango. Niliweza kuona migongo ya kanzu na uso wa baba.

Mwalimu alieleza taratibu, kama anavyofundisha watoto. Maji mengi hayaharibiki kwa kuingiwa na kitu, mpaka yabadilike rangi, au ladha, au harufu. Kimoja tu kati ya hivyo vitatu kikibadilika kwa najisi, maji hayo hayafai. "Mwenye nyumba ndiye anayekijua kisima," akamalizia. "Yeye anasemaje?"

Na harufu ilikuwepo pale pale. Ilikuwa imepita uani, imepita ukumbini kwetu, imekaa nao barazani. Nilimwona mzee mmoja akipeleka ncha ya kilemba puani, akakumbuka, akajifanya anajifuta jasho. Huyo alikuwa na binti wa kuozwa mwezi ujao, na jumba alikuwa ameahidiwa. Aliyekaa kando yake alikuwa na mtoto aliyetafutiwa kazi ya ulinzi wa jumba. Wote walikuwa na haja yao mlemle ndani, na wote walimtazama baba.

Baba aliniita nilete maji. Mama ndiye aliyekwenda. Alirudi kutoka kisimani na kata imejaa, akaipitisha pembeni ya pazia. Baba aliishika kata ile mbele ya wanaume wote, akasema bismillahi, akanywa. Hakuonja. Alikunywa yote, koo likipanda na kushuka, na tone moja likabaki kwenye ndevu.

"Matamu," alisema.

"Alhamdulillahi," mwalimu akajibu. Na wote wakajibu vile vile, kwa haraka ya watu waliotaka kuondoka.

Hawakuwa wamefika kona baba alipotupita ukumbini akikimbia. Tulimsikia chooni. Alitapika kwa muda mrefu, kwa sauti ya ng'ombe, akatoka amekuwa wa rangi ya majivu, akaomba limau. Mama akampa limau. Nilimtazama akilifyonza, ule mdomo niliodhani ni safi kuliko yote mjini, na nikaona siwezi tena kula sahani moja naye. Sikula naye tena mpaka nilipoolewa. Nilisingizia kila sababu isipokuwa ile ya kweli.

Watu wakaendelea kuchota. Hilo ndilo jambo ambalo hata leo linanichafua moyo. Wenye nafasi walikwenda bombani kimyakimya, bila kumwambia mtu. Waliobaki kwetu walikuwa wale wasio na nafasi, wasafiri, vibarua wa sokoni, kina mama waliosikia kwamba mwenye nyumba mwenyewe amekunywa. Watoto wa uchochoroni wakaanza kuharisha. Nilisikia vilio vyao nikiwa ndani, na bibi alivisikia pia kutoka kitandani.

"Kashawaambia?"

"Bado, bibi."

"Mwambie nafa."

Nilimwambia. Alikuwa anapiga pasi koti la siku ya mgeni.

Mgeni alikuja. Kutoka uani nilisikia tarumbeta za beni, makofi, hotuba, makofi. Nilisikia pia, kwa kuwa nilikuwa na masikio ya mtu aliyefungiwa, kwamba hakuna mnyororo hata mmoja uliovutwa. Kamati ilifunga vyoo kwa kufuli siku mbili kabla ili mgongo wa jumba ukauke. Kumbe walijua. Walijua vizuri hata wakajua siku ngapi zinatosha. Baba alirudi jioni uso unang'aa, akasema mkubwa amemshika mkono na amesifia matao. Cha ajabu, hakuna mtu nyumbani aliyemwuliza kuhusu kile kiti.

Bibi alikufa wiki ile ile, baada ya sala ya alfajiri, ameelekea dirishani. Neno lake la mwisho lilikuwa lile swali. Alimwuliza mama, na mama akashindwa kusema uongo hata wakati ule.

Mwosha alikuja mapema, mwanamke wa Ilala mwenye mikono mipana, aliyewaosha nusu ya wanawake wa mtaa wetu. Kitanda kikatolewa uani, shuka zikatandazwa kuwa kizuizi. Akaomba maji. Kwa mazoea ya miaka mingi, mtu mmoja akashusha ndoo kisimani. Mwosha akaipokea, akaisogeza, kisha akageuza uso, akaimwaga yote mchangani.

"Nimeosha waliooza," alisema. "Kwa maji haya simwoshi mtu."

Maneno yale yalivuka shuka, yakapita ukumbini, yakafika barazani walipokaa wanaume. Baba alikuja mpaka kwenye mlango wa uani, akabaki pale, akamwambia mama kwa sauti ya chini kwamba jumbani kuna bomba, maji safi kabisa, ufunguo anao, watu wataleta ndoo mara moja.

Mama hakuwahi kumpandishia sauti. Hata siku ile hakuipandisha. "Maji ya jumba lako hayamgusi mama yangu," alisema.

Akatumwa mtu kwa Mchagga. Alikuja mwenyewe, amefunga duka, anasukuma lile pipa lake kwenye mkokoteni pamoja na kijana wake. Aliliacha mlangoni, akavua kofia, akarudi nyuma. Bibi akaoshwa kwa maji ya pipa la Mkristo, maji ya kununuliwa, yeye aliyewagawia maji watu wa dini zote bure. Nilimshikilia kichwa. Nywele zake zilikuwa laini kuliko nilivyodhani, na nililia kwa hasira zaidi ya huzuni.

Wanaume walikwenda makaburini, wakarudi jua limeshapanda, majembe na makoleo yao yana udongo mwekundu. Ilikuwa desturi wasome barazani, wapewe kahawa, waondoke. Walipokaribia, mlango wa uchochoroni ulikuwa wazi, na mama alikuwa amesimama kwenye ukingo wa kisima, kanga ya msiba imefungwa kiunoni. Mwanamke aliyefiwa hasimami namna ile mbele ya wanaume. Wakasita.

"Ingieni na makoleo yenu," aliwaambia. "Kuna shimo lingine la kufukia."

Mwalimu wa msikiti akasema jambo kuhusu subira, na kuhusu wakfu kutovunjwa ovyo. Mama akamwambia hakuna wakfu uliobaki mle. Kisha akamgeukia mumewe, aliyekuwa nyuma kabisa ya wote.

"Wewe ndiye uliyeshuhudia. Waambie."

Baba alitazama chini. Nilikuwa dirishani mwa bibi, kwenye kitanda kitupu, nami niliona kila alichokifanya. Alitazama juu ya ukuta, kwenye vile vidirisha vya jumba. Akaweka mkono puani, polepole, kama mtu anayejifunza kufanya hivyo, na akauacha pale.

"Kinanuka," alisema.

Nilingoja mtu ashangae. Nilingoja hata mmoja wao aseme, kumbe, au amwulize mbona ulikunywa, au asikitike kwa ajili ya watoto wa uchochoroni. Hakuna aliyeshangaa. Waliinama wote pamoja, wakaanza kutupa udongo kisimani, kwa bidii, kwa mpango, kila mtu na zamu yake, kama watu waliokuwa wakingoja ruhusa tu. Lilikuwa neno moja, halikumgharimu hata pumzi nzima, na aliyeliomba jioni zote zile walikuwa wametoka kumzika.